Kusoma Mara ya Pili

Kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kusikiliza sauti za watu wasionijua na kuamua ni zipi zitakazofika mbele ya mteja. Mfanyabiashara atakaye tangazo la redio huleta karatasi yenye maneno na maagizo; mimi huwaita waigizaji wa sauti, nao huingia mmoja mmoja katika chumba kidogo kisichopenyezwa na makelele ya Kariakoo, husimama mbele ya maikrofoni, na kusoma. Ni kazi ya masikio, na aliyeifanya kwa muda mrefu hujidhania kuwa masikio yake hayakosei. Mimi nilijidhania hivyo.

Siku moja tulipewa tangazo la vyandarua. Karatasi ilisema kwamba msomaji awe mama mwenye furaha na nguvu. Maagizo hayo niliyashika kama mtu ashikavyo wosia. Kila aliyeingia nilimwonyesha mahali pa kucheka, mahali pa kupandisha sauti, na neno la kutilia mkazo. Na ili nisieleweke vibaya, nilimsomea mwenyewe kwanza. Wakasoma wanawake 18. Ilipofika saa nane mchana sikuweza tena kumtofautisha wa tatu na wa kumi, nami nikalaumu uhaba wa vipaji. Haikunijia kabisa kwamba sauti niliyoisikia mara zote hizo ilikuwa yangu mwenyewe, imepitia tu katika koo za watu wengine.

Wa mwisho alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Tanga, aliyepata kuigiza katika michezo ya redio. Yeye hakucheka. Alianza kwa sauti ya chini, karibu na mnong'ono, akitua baada ya kila fungu la maneno kama asikilizaye kitu pembeni mwake. Sentensi ya pili haijaisha nikabonyeza kitufe, nikamkatiza.

“Mama, tumesema kwa furaha.”

“Nimesikia, mwanangu,” alijibu, “lakini mtoto si amelala?”

Sikumwelewa. Nilimwomba asome kama wenzake, akasoma kama wenzake, tena vizuri sana, kisha akaaga akaenda zake. Mteja alichagua kimoja katika vile vicheko, tangazo likapigwa redioni, wala sikumbuki kama kuna mtu aliyepata kulitaja.

Majuma mawili baadaye, usiku, nilikuwa nikimfunika mwanangu chandarua. Nikajisikia nikimwambia mke wangu jambo kwa sauti ile ile ya chini, nikinyamaza kila baada ya maneno machache ili nisikilize kama mtoto ameamka. Nilisimama pale nimeshika pindo la chandarua. Yule mama alikuwa amekiona kitanda. Asubuhi nilimwuliza fundi mitambo kama ameuhifadhi ule usomaji wa kwanza. Alikuwa ameufuta, kama nilivyomzoesha kufanya kwa kila kilichokatizwa.

Watu wa kazi hii hunena kwamba mteja ndiye mwenye fedha, basi apewe atakacho. Ni kweli, ila mteja aghalabu hajui atakacho mpaka akisikie. Aandikapo “furaha na nguvu” huandika maneno ya kwanza yaliyomjia. Siku ya kumnyoosha msomaji ipo, nayo ni siku ya kurekodi. Siku ya majaribio ni ya kuvumbua.

Wala jambo hili si la kwetu pekee. Filamu ya The Lion King, iliyotoka Marekani mwaka 1994, ina ngiri aitwaye Pumbaa (jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa) na rafiki yake Timon, mnyama mdogo wa ukoo wa nguchiro. Nathan Lane na Ernie Sabella, waliozipa viumbe hivyo sauti, walikuwa wakati huo wakiigiza pamoja jukwaani New York katika Guys and Dolls. Walikwenda kujaribiwa sauti. Walipokutana huko wakasoma pamoja kama fisi, na waliosikiliza wakacheka kiasi cha kuwapa nafasi nyingine kabisa. Mimi wa siku zile ningewaambia kwamba karatasi imesema fisi.

Tangu hapo kila mtu kwangu husoma mara mbili: kwanza kama karatasi itakavyo, kisha kama atakavyo mwenyewe, nami sisemi neno kabla ya hiyo ya pili. Uhuru huo umenitia aibu pia. Kijana mmoja, katika tangazo la dawa ya kikohozi, aligeuza vijiko viwili kuwa vitatu kwa kuwa vitatu vilimpendeza ulimini. Sasa bei na vipimo nimevipigia mstari, havichezewi. Na mteja mmoja alinirudishia sauti zote za pili, akisema hakulipa ili afundishwe biashara yake.

Mwaka uliofuata nilimwita tena yule mama kwa tangazo jingine. Nilimweleza utaratibu mpya. Aliipitia karatasi kimya, akaiweka, akanitazama kupitia kioo.

“Na nikinyamaza katikati, utabonyeza?”

Nilimwonyesha mikono yangu yote miwili, kisha nikaifunga nyuma ya mgongo.