Hongo ya Maji

Hapo zamani, kabla reli haijafika, mtu aliyetaka kutoka Tabora kwenda Ujiji alikwenda kwa miguu. Tabora palikuwa njia panda ya nchi nzima. Njia moja ilitoka Bagamoyo pwani; nyingine ilielekea kaskazini mpaka ziwa la Victoria Nyanza; na nyingine ilishika magharibi, ikavuka mto Malagarasi, ikapita Uvinza penye chumvi, hata ikafika Ujiji kando ya ziwa la Tanganyika. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa upagazi katika njia hizo. Mzigo wa mtu mmoja ulijulikana: kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70, mbali na chakula chake na mkeka wa kulalia. Mpagazi mzoefu hakuhitaji mizani. Aliuinua mtumba, akautikisa kidogo begani, na papo hapo akajua kama atafika nao au hatafika.

Tena palikuwa na hongo. Siku hizi neno hili lina maana mbaya ya rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa kodi ya njia. Kila mtemi ambaye msafara ulipita katika nchi yake alidai nguo, ushanga, au waya. Tajiri alilipa akapita. Mwenye mali kidogo alilipa vilevile, kisha akaona ya kuwa kilichosalia hakitamfikisha ziwani. Jambo hili la hongo msomaji na alishike, kwa maana eropleni inayoruka kutoka majini hutozwa hongo vivyo hivyo, na anayeitoza ni maji.

Ziwa la Tanganyika halikupata vyombo vyake vyote kwa miti ya pwani zake. Mwaka 1874 Stanley alitoka Bagamoyo na mashua ya mbao, jina lake Lady Alice, iliyokatwa vipande ili wapagazi waweze kuichukua. Kwanza iliunganishwa ikazunguka Victoria Nyanza, na mwaka 1876 ikateremshwa Ujiji ikazunguka Tanganyika. Baadaye mmisionari Hore naye aliiletea Ujiji mashua ya chuma, vipande vipande, kwa njia ile ile ya misafara. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ndipo Wadachi walipoleta merikebu kubwa kabisa, Graf von Götzen, iliyoundwa kwao Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku maelfu. Iliunganishwa tena Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915, wakati vita vilikuwa vimekwisha kuanza.

Wabelgiji walikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nao waliiogopa sana merikebu ile. Hawakuwa na chombo kama hicho. Basi wakawaomba Waingereza eropleni, wakaazimwa nne za namna iitwayo Short. Uwanja wa kutua haukuwapo, na kufyeka msitu na kusawazisha ardhi ni kazi ya miezi. Lakini maji tambarare yalikuwapo tele. Kwa hiyo eropleni zile hazikuwa na magurudumu. Chini yake zilifungwa maboya mawili marefu, mfano wa mitumbwi miwili iliyofunikwa juu, na jingine dogo chini ya mkia.

Kwa mtu asiyejua, kazi hii yaonekana nyepesi: ondoa magurudumu, funga mitumbwi, ruka. Sivyo. Hata leo wako watu, hasa Marekani na Kanada, wapendao eropleni ndogo za zamani kama Piper Cub, ambayo injini yake ni ya nguvu za farasi 65 tu, nao huzifunga maboya ili watue katika maziwa. Fundi wa kazi hiyo hufikiri mambo mengi kabla ya kushika spana. Kwanza, maboya yenyewe hayana budi kuwa makubwa. Kanuni ya kazi yasema kwamba mawili kwa pamoja yaweze kuelea na uzito wa eropleni nzima, na juu yake tena sehemu nane katika kumi za uzito huo. Ndani ya kila boya mna vyumba visivyopitisha maji, visipungue vinne, ili kimoja kikitoboka kwa jiwe, vingine vishike. Pili, maboya hutokeza mbele na kuusukuma upepo kwa ubavu, hata eropleni ikapenda kuyumba. Kwa hiyo mara nyingi huongezwa pezi chini ya mkia. Tatu, rafadha, yaani zile panga za mbele zinazovuta hewa, hubadilishwa, iwekwe yenye kuuma hewa kidogo kidogo na kuzunguka upesi. Eropleni itapoteza mwendo wake angani, lakini itapata nguvu ya kuvuta pale inapoihitaji zaidi, yaani majini.

Hayo yote ni uzito, na uzito huo hukaribia uzito wa mtu mzima. Cub ina viti viwili. Ikifungwa maboya, siku ya joto, mara nyingi kiti kimoja hubaki kitupu, au abiria huchaguliwa kwa wembamba wake.

Hata hivyo uzito si hongo yote. Mwanafunzi anaweza kuiona sehemu iliyobaki kwa beseni ya maji na sahani tambarare. Ailaze sahani juu ya maji, kisha aivute juu moja kwa moja. Ataona maji yanaishika kana kwamba hayataki kuiacha. Kisha ainue ukingo mmoja kwanza, hewa ipite chini yake. Mara itatoka bila taabu. Boya nalo hushikwa hivyo. Kwa sababu hiyo tumbo lake halikuchongwa laini tangu mbele mpaka nyuma, bali katikati limekatwa mfano wa ngazi moja, hewa ipate pa kuingilia.

Rubani anapoanza mbio, maboya yamezama nusu, na maji mbele yake hujikusanya kama kilima. Kadiri mwendo unavyozidi, maji nayo huzidi kuzuia, mpaka pafike mahali ambapo injini yavuta kwa nguvu zake zote na maji yanarudisha nyuma kwa nguvu zinazokaribia kulingana nazo. Hapo ndipo mambo yote huamuliwa. Injini ikiwa na akiba kidogo, maboya yatapanda juu ya kilima, yatateleza kwa ile ngazi tu, na baada ya hapo kazi hupungua. Isipokuwa na akiba, eropleni italima maji mpaka mwisho wa ziwa, ikinguruma, isiruke. Rubani hodari huinua boya moja kwanza, kama ukingo wa sahani. Maji yakiwa shwari kama kioo, huomba hata mashua ipite mbele yake iyavuruge, kwa maana mawimbi madogo huingiza hewa chini. Ni ajabu kwamba siku nzuri kupita zote kwa mvuvi yaweza kuwa siku mbaya kwa rubani.

Waingereza walikuwa wamekwisha kujifunza hayo kwa taabu katika mlango wa mto Rufiji, ambako manowari ya Wadachi, Königsberg, ilikuwa imejificha. Mwishoni mwa mwaka 1914 walimchukua rubani mmoja raia, Cutler, na eropleni yake ya Curtiss yenye nguvu za farasi 90, ambayo mwili wake wenyewe ulikuwa mtumbwi. Injini ilichemka mno katika joto lile, hata ikatafutwa rediata ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Kwa taabu hiyo Cutler aliiona manowari, lakini baadaye aliangushwa akatekwa. Mwaka 1915 zikaletwa Sopwith mbili za maboya. Hizo zilishindwa kabisa kuondoka majini zikiwa na mabomu pamoja na mtazamaji. Joto liliharibu gundi ya mbao zao, na maboya yakaanza kuachana. Mwishowe, Julai 1915, eropleni zilizowaelekeza wapiga mizinga hata Königsberg ikaangamizwa zilikuwa za magurudumu, zilizoruka kutoka kiwanja kilichofyekwa katika kisiwa cha Mafia. Hazikutozwa hongo na maji.

Sasa Tanganyika ilikuwa kali kuliko Rufiji. Rufiji ni pwani, bali uso wa ziwa uko futi 2,500 na zaidi juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na joto huizidisha wepesi. Adhuhuri yenye joto hewa ya ziwani hupungukiwa karibu sehemu moja katika nane ya uzito uliopimwa na waundaji kule Ulaya. Injini hupumua kidogo, rafadha hushika kidogo, na mabawa hubebwa kidogo, yote kwa wakati mmoja. Nazo Short hazikuwa na nguvu za kuchezea. Injini yao ilikuwa ya farasi 150, na eropleni ikiwa na mizigo ilifikia ratili 3,400. Maana yake kila farasi alibeba ratili 22 na zaidi, ambapo farasi wa Cub hubeba 19 hivi.

Eropleni hizo ziliondoka Uingereza Januari 1916, ndani ya masanduku. Zilishushwa katika mlango wa mto Kongo, zikaenda kwa reli, kisha kwa meli ya mtoni, kisha reli tena, mto tena, mpaka ziwani. Mizigo ya namna hiyo haikuhama yenyewe kutoka behewa mpaka merikebu. Mikono na mabega ya watu wa Kongo ndiyo yaliyoihamisha, na majina yao hayakuandikwa katika kitabu cha mtu yeyote. Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali mno kwa maboya ya mbao, basi Wabelgiji wakafanya kituo chao katika ziwa dogo la Tungwe, lililo kando ya ziwa kubwa. Mahali palikuwa shwari, lakini, kama tulivyoona kwa sahani, ushwari nao una gharama yake. Mwezi wa Mei 1916 eropleni ya kwanza ikaruka.

Rubani aliyesifiwa zaidi aliitwa Aimé Behaeghe. Mwezi wa Juni, yeye na mtazamaji wake Collignon walivuka ziwa mpaka Kigoma wakatupa mabomu juu ya bandari na Graf von Götzen. Mtu na akumbuke kwamba kila bomu lililowekwa lilitolewa katika hesabu ile ile ya petroli na ya watu wawili, na kwamba mwendo wa chombo chao haukuzidi sana maili 60 kwa saa. Injini ikizimika katikati ya ziwa, maboya yatawaweka juu ya maji. Hiyo ndiyo faida waliyoinunua kwa hongo yao. Merikebu haikuzama. Lakini majeshi ya nchi kavu yalikuwa yakikaribia, na mwisho wa Julai Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Malagarasi, mitambo yake ikiwa imepakwa mafuta mazito ili isiharibike. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Behaeghe hakuyaona hayo. Alikufa kwa ugonjwa huko Kongo, Desemba 1916.

Baada ya Kigoma, shabaha ya Wabelgiji ilikuwa Tabora. Kutoka ziwani mpaka huko ni maili 250 hivi, na sehemu kubwa ya nchi ile haina mahali pa kutulia eropleni yenye mitumbwi miguuni. Reli nayo ilikuwa imeharibiwa mahali pengi. Basi askari wakaenda kwa miguu, na nyuma yao wapagazi kwa maelfu, wamebeba risasi na unga katika bonde la Malagarasi, kule kule walikopita wenye frasila mbili zamani. Ila safari hii wengi hawakuulizwa kama mzigo wauweza. Katika vita vile vya Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko risasi. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Short zilibaki kule ziwani.