Jeraha Limefunga, Kliniki Bado

Akina mama wenzetu, sisi wauguzi tunaotembelea wagonjwa pamoja na kikundi cha kanisa hapa Karatu tumezoea kulisikia neno "amepona". Mtu akirudi kutoka hospitali ya rufaa, jeraha limefunga na anatembea, ndugu humshukuru Mungu na mambo huishia hapo. Kwa maradhi mengi si vibaya. Lakini iko saratani moja ambayo haitaki tuifunge habari yake mapema hivyo.

Saratani hiyo huitwa sakoma ya tishu laini. Huanzia katika misuli, mafuta au mishipa, na mara nyingi hutokea mapajani, miguuni au mikononi. Aina zake ni zaidi ya 50, lakini zote kwa pamoja ni kama 1 tu katika kila saratani 100 za watu wazima. Kaposi, ambayo wengi tuliijua kwa sababu ya UKIMWI, ni ya ukoo huo huo, ila matibabu yake ni tofauti. Kwa kuwa sakoma ni adimu, watu hudhani ni jipu, au ni teke la ndama la mwaka jana.

Mama mmoja wa upande wa Ngorongoro alikuwa na uvimbe pajani. Haukumuuma, akaendelea kukamua ng'ombe na kuchota maji. Ulipopita ukubwa wa yai la kuku, mkwewe akamleta. Alikatwa kwanza kipande kidogo cha nyama kikapimwa, kisha uvimbe ukaondolewa wote, na baadaye akapigwa mionzi. Mguu wake anao hadi leo.

Tunautaja mguu kwa sababu hofu ya kukatwa kiungo ndiyo inayowaficha wengi majumbani. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 43. Waliokatwa kiungo hawakuishi muda mrefu zaidi kuliko wale walioondolewa uvimbe na kupigwa mionzi, kiungo kikabaki. Wako ambao bado hulazimika kukatwa, lakini si wote.

Baada ya mwaka mmoja, mama yule aliambiwa nyumbani, "Si umepona? Nauli ya Moshi ya nini tena?" Kutoka Karatu hadi KCMC ni zaidi ya kilometa 200, na yeye hutoka mbali zaidi, ng'ambo ya lango la hifadhi. Akina mama wa kikundi walichanga nauli, mmoja wao akamsindikiza. Daktari alipapasa kovu akakuta kiuvimbe kipya, kidogo kama punje ya hindi. Kiliondolewa mapema. Sasa ni mwaka wa nane, naye anacheza na wajukuu.

Kijana mmoja mkulima wa vitunguu kule Mang'ola hakurudi kliniki. Alijiona mzima, na msimu ulikuwa mzuri. Alipokuja tena alikuwa anakohoa, na mapafu yote mawili yalikwisha kushikwa. Tulimzika mwaka huo huo. Hatuwezi kusema kliniki ingemwokoa kwa hakika. Tunajua tu kwamba hakuipata nafasi ile aliyoipata mama.

Sakoma hupenda kurudi mahali pale pale, au kuhamia mapafuni. Mara nyingi hurudi katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, lakini wapo inaowarudia hata baada ya miaka 10. Ndiyo maana mgonjwa huitwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 apimwe kovu na kupigwa picha ya kifua. Baadaye huitwa kila miezi 6, na baada ya miaka 5 mara moja kwa mwaka. Huangaliwa pia mguu unaovimba baada ya mionzi, na moyo, kwa sababu baadhi ya dawa za saratani huudhoofisha.

Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ikigunduliwa kabla ya kusambaa, wagonjwa kama 80 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ikigunduliwa imekwisha kufika mbali, ni chini ya 20. Sisi huku tuna umbali na umaskini wa kushindana nao, lakini tunayo matibabu. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam tangu 1996, Bugando iko Mwanza, na KCMC ilifungua kituo chake cha saratani mwaka 2016.

Basi tunawaomba haya. Uvimbe wowote unaokua, ulio ndani sana, au uliozidi sentimeta 5, upelekwe hospitali hata kama hauumi, wala usichomwe wala kuchanjwa nyumbani. Aliyekwisha kutibiwa atunze kadi na majibu yake katika mfuko mmoja. Akihama na mifugo, au akihamia Msomera kama wengi walivyohama Ngorongoro tangu 2022, mfuko huo aende nao na aombe barua ya rufaa. Nasi katika vikundi vyetu tuandike tarehe ya kliniki ya kila mgonjwa kwenye daftari la michango, ili nauli iwe tayari kabla siku haijafika.