Safari ya Kinofu kutoka Likoni

Mji wa Mombasa ni kisiwa, lakini wengi wa watu wake hulala bara. Kusini ni Likoni, ambako mtu huvuka mlango wa bahari kwa feri. Kaskazini ni Kisauni, inayofikiwa kwa Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kuelea la mwaka 1931. Na magharibi, ng'ambo ya Makupa, ni Changamwe penye reli na malori. Kila asubuhi maelfu huingia kisiwani kufanya kazi, na jioni hurudi makwao. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani nayo iko kisiwani. Kwa hiyo kati ya mizigo ivukayo yaweza kuwamo chupa ndogo isiyotazamwa na mtu, yenye maji maangavu, na ndani yake kinofu cha mwili kisichozidi punje ya kunde.

Tuseme kinofu hicho kimetoka katika titi la mama mmoja wa Likoni aliyeona uvimbe. Uvimbe huo waweza kuwa si kitu, waweza pia kuwa saratani, na mkono wa daktari peke yake hauwezi kukata shauri. Neno la mwisho hutoka katika maabara, chini ya hadubini. Lakini hadubini haiwezi kusema kweli ikiwa kinofu kimeharibika njiani.

Joto la Mombasa halina huruma. Mvuvi yeyote wa Mtongwe ajua kwamba samaki wa alfajiri, asipotiwa chumvi wala barafu, adhuhuri hunuka. Mwili wa mwanadamu ni vivyo hivyo: kinofu kikisha kukatwa, chembe zake huanza kujila zenyewe. Dawa ya kuzuia uharibifu huo ni formalini, ambayo Ferdinand Blum wa Frankfurt aligundua faida yake mwaka 1893. Nayo ina masharti yake. Dawa iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kinofu, wala si kukilowesha tu. Hupenya polepole, kadiri ya milimita 1 kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa hauna budi kupasuliwa, ama sivyo nje utakauka na ndani utaoza. Kinofu cha titi hukaa humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Ndiyo maana saa ya kukitia dawani huandikwa katika karatasi yake. Chupa nayo iwe na mdomo mpana, maana nyama huingia laini ikatoka ngumu, na wako waliolazimika kuvunja chupa ili kuitoa. Watu wengine, kwa nia njema, hugandisha kinofu katika barafu kama samaki. Hilo ni kosa, kwani maji yagandayo hupasua chembe.

Liko jambo lisilohitaji elimu kubwa, nalo ndilo lenye hatari kuliko yote, yaani jina. Jina la mgonjwa, namba yake na mahali kinofu kilipotolewa huandikwa juu ya mwili wa chupa, si juu ya kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana mezani. Chupa mbili zikipishana majina, mama mmoja atakatwa titi lililo zima, na mwenziwe ataambiwa arudi nyumbani hali ugonjwa unaendelea. Karani mwema wa maabara hulinganisha chupa na karatasi kabla ya kuandika katika daftari, na visipolingana humwita aliyeleta. Wengine humwona msumbufu. Afadhali msumbufu huyo.

Mezani hufunguliwa chupa moja tu kwa wakati mmoja, na koleo na kisu hupanguswa kila mara, maana chembe ya mgonjwa mmoja ikiangukia kwa mwingine yaweza kuleta saratani ya karatasini. Namba huandikwa kwa kalamu ya risasi, kwani wino wa kawaida huyeyuka katika spiriti na zailini ambamo kinofu hupitishwa kukaushwa maji. Kisha hutiwa katika nta ya moto, ikaganda kuwa kibonge. Hapa ndipo barafu inapotakiwa: kibonge hupozwa ili wembe ukate vipande vyembamba vya elfu 3 au 4 za milimita, ambavyo huelea juu ya maji ya vuguvugu kama utando wa maziwa. Maji hayo husafishwa baada ya kila kibonge. Rangi ya zambarau itumikayo baadaye hutoka katika mti wa Amerika ya Kati. Pamoja na rangi ya waridi huonyesha chembe za saratani, na hata mayai ya kichocho katika kibofu, ugonjwa ambao watu wa Pwani wanaujua.

Wafanyakazi nao wana haki yao. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikata shauri kwamba mvuke wa formalini huleta saratani kwa wanadamu. Basi chumba kiwe na feni ya kutoa hewa nje, mikono ivishwe glavu, wala chai isinywewe humo.

Mabaki ya kinofu hayatupwi mpaka majibu yametiwa sahihi. Desemba 1963 vinofu vya uvimbe wa taya vilitumwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda kwa Anthony Epstein, London. Ukungu uliipeleka ndege Manchester, na chupa ilipofika maji yake yalikuwa machafu, kama yaliyooza. Epstein hakuimwaga, aliitazama kwa hadubini akaona chembe hai, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza virusi walivyovikuta ndani yake.

Vibonge vya nta navyo huwekwa kabatini kwa namba, mahali pakavu na pa baridi. Mama wa Likoni akirudi baada ya miaka kadhaa na uvimbe mwingine, kibonge chake cha kwanza chaweza kutolewa, kikakatwa upya, na kulinganishwa na kipya.