Picha Tuliyodaiwa Mtendeli

Likizo ya mwezi Juni ilipowadia, tuliazimia kuwatembeza watoto wetu katika mkoa wao wenyewe, kwani haipendezi mtoto wa Kigoma aijue Dubai kwa picha na asiijue Kasulu kwa macho. Tuliazima gari, tukachukua kamera, tukamtegemea Mwenyezi Mungu.

Tulianzia Ujiji, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Watoto waliupiga picha mnara uliosimama penye miembe, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Tukawaeleza kuwa njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo, na kwamba miongoni mwa wafanyabiashara wake walikuwamo watu wa dini yetu. Kigoma mjini tukasimama mbele ya stesheni iliyojengwa na Wajerumani, ambao reli yao ilifika huko mwaka 1914. Kisha tukapanda milima ya Buha hadi Kasulu. Hapo tuliwasimulia habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru zama za Waingereza, na binti yetu mkubwa akaipenda habari hiyo kuliko ya Stanley. Kesho yake tulivuka Mto Malagarasi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, tukaelekea Kibondo na Kakonko.

Safari yetu ilikuwa na deni ndani yake. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilianza kuwapokea Warundi mwezi Januari 2016, kufuatia machafuko ya nchini mwao ya mwaka 2015. Kamati ya msikiti wetu iliwahi kupeleka huko mikeka na misahafu, na mzee mmoja aliyekuwa akiwasalisha wenzake alitupokea kama ndugu. Kambi ilipofungwa Desemba 2021, watu walihamishiwa Nduta, naye akiwa miongoni mwao. Mkewe alibaki Mtendeli, kaburini. Mzee alituomba jambo moja tu: tukipita huko, tumpigie picha ya kaburi hilo, lililo chini ya mninga. Tuliitika. Ahadi ni deni, nasi tulilala nalo muda mrefu, hadi tuliposikia kuwa amejiandikisha kurejea Burundi.

Tulipiga hodi kwanza kwa wenyeji, na kijana mmoja akakubali kutuongoza. Penye makazi ya maelfu ya watu tulikuta misingi ya matofali, mihogo michache iliyojiotea na nyasi zilizotufika kifuani. Makaburini tulitoa salamu kwa waliolala humo. Mninga haukuwapo, palikuwa na visiki vitatu, na vichuguu vya udongo visivyo na jina.

“Baba, lipi ni lake?” aliuliza binti yetu.

Hatukuwa na jibu. Tunakiri hapa kuwa shetani alitunong'oneza: chagueni moja lililo zuri, mzee hatajua, na moyo wake utatulia. Mama watoto alituangalia, akasema kwa upole, “Picha ya uongo ni ushahidi wa uongo.” Basi tukapiga picha ya eneo zima, visiki na nyasi zake, tukaomba dua, tukaondoka.

Usiku tulimtumia mzee picha hiyo kwa simu, tukamweleza ukweli wote. Alikaa kimya kitambo. Tulidhani atauliza visiki vilikuwa upande gani. Aliuliza hivi: “Zile nyasi, wanangu, mlizikata?”

Tulinyamaza. Tulikuwa watu wazima watatu na kijana mwenye nguvu, tumesimama pale zaidi ya saa nzima tukitafuta pembe nzuri ya mwanga, na hakuna aliyeng'oa jani moja.

Ndugu zetu wasomaji, mkoa wetu una mandhari ya kuburudisha macho na historia ya kuwafunza watoto; wapelekeni, wapige picha. Ila wafundisheni pia kwamba kuna mahali ambapo jicho halitoshi, bali mkono hutakiwa. Kamati yetu imekwishapanga kurudi Mtendeli kabla mzee hajavuka mpaka, tukijaaliwa, na kwa ruhusa ya wenyeji. Safari hii mafyekeo yatatangulia garini, kamera itafuata. Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala ugenini, na atusamehe sisi tuliowapiga picha tukaondoka.