Hesabu ya Farasi wa Auburn

Mji wa Auburn, ulio chini ya milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California, nchini Marekani, ulizaliwa na dhahabu mwaka 1848. Siku hizi, kila kiangazi, mji huo hungoja farasi. Nilikuwa masomoni Sacramento, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, nami nikaenda kutazama. Wenzangu walitaka kujua nani atashinda. Mimi nilitaka kujua nani analipa.

Ndugu msomaji, nina sababu. Hapa nyumbani niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ya michezo. Tulinunua kikombe, tukakodi ngoma na viti vya wageni, fedha zikaisha. Mkimbiaji mmoja alipoanguka kwa jua kali, hapakuwa na gari la kumchukua wala senti ya petroli. Kijana alipona, lakini daftari lile la hesabu sijalisahau.

Mashindano ya Auburn huitwa Tevis Cup. Yalianza mwaka 1955, pale Wendell Robie, mfanyabiashara wa mji huo, na wenzake wachache walipotaka kuthibitisha kwamba farasi bado aweza kwenda maili 100 kwa siku moja. Safari huanza karibu na Truckee saa 11 na robo alfajiri. Kila afikaye Auburn kabla ya saa 24 kupita, na farasi wake akaonekana mzima, hupewa bizimu ya fedha ya mkanda. Zawadi ya pesa hakuna, hata kwa wa kwanza.

Kinachokula fedha ni njia yenyewe. Hupita katika misitu ya serikali, kwa hiyo hapana budi kuomba kibali na kukata bima. Theluji ikiyeyuka, miti iliyoangukia njia hukatwa. Katika makorongo joto hupita digrii 38, na penye uhaba wa maji ni lazima yapelekwe kwa magari. Robinson Flat, kwenye maili ya 36, na Foresthill, maili ya 68, kila farasi hupumzishwa saa nzima, na hapo ndipo walipo madaktari wa mifugo.

Nilisimama Foresthill jioni. Daktari alisikiliza moyo wa farasi mmoja, akaamuru atembezwe na kurudishwa, akatazama miguu, kisha akatikisa kichwa. Mpandaji, binti mdogo tu, alilia. Daktari hakubadili neno. Miaka mingi karibu nusu ya farasi hawamalizi, na ada ya kushiriki, ambayo ni mamia ya dola, imekwisha tumika. Ada hiyohiyo ndiyo inayosaidia kumleta daktari pale. Yaani mpandaji humlipa mtu wa kumkataza.

Nikatoa kalamu. Kibali, bima, maji na njia hugharimu karibu sawasawa, waje wapandaji wengi au wachache. Tuseme, kwa mfano wangu tu, gharama hizo ni dola 20,000. Wakija 200, kila mmoja hubeba 100. Wakija 80, kila mmoja hubeba 250. Chakula na bizimu huongezeka kwa kichwa, lakini mzigo ule wa kwanza haupungui. Tena yaweza kutokea usiwepo mpandaji hata mmoja: mwaka 2008 moshi wa moto wa misitu uliyafuta mashindano, na mwaka 2020 yakafutwa kwa ajili ya korona. Bila akiba, kamati ya namna hii hufa siku hiyo.

Fungu kubwa kuliko yote halimo katika daftari. Mamia ya watu hufanya kazi bila malipo: wenye redio za mawasiliano, wachota maji, waandika namba. Mama mmoja mzee aliyeshika ndoo na sifongo aliniuliza kama nina kazi. Niliposema sina, akanipa ndoo.

Wasomaji wenye ndugu walio kazini Ghuba watajua kwamba huko mshindi wa mbio kama hizi huweza kupata gari au fedha nyingi. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilisimamisha kwa miezi kadhaa uanachama wa Falme za Kiarabu, kwa ajili ya usalama wa farasi. Nilipokuwa nikimwagia maji shingo ya farasi asiyekimbilia fedha, nilikumbuka habari hiyo.

Usiku wa manane niliteremka Auburn. Wachache walikuwa wakiingia mmoja mmoja kwa mwanga wa mwezi, nao madaktari wakiwapima tena kabla ya kuwakubali. Kulipokaribia kucha nilifungua daftari langu, nikaandika upya makisio ya michezo yetu ya nyumbani. Mstari wa kwanza niliandika: gari la wagonjwa, na petroli yake. Kikombe nilikiweka mwisho, na mbele yake nikaacha nafasi ya bei wazi.