Dira na Dhamira

Neno dira, msomaji, tuliliazima kwa mabaharia. Kwao ni chombo chenye sindano ielekeayo kaskazini. Hakitulizi mawimbi, humwonyesha nahodha njia tu. Kutweka tanga na kushika usukani ni kazi ya mikono, na kazi hiyo ndiyo tuiitayo dhamira.

Aghalabu maneno haya hupakwa rangi kwenye kuta za shule na maduka, yakapendeza macho, nayo hayasemi kitu. “Kuwa bora”: bora kuliko nani, na lini? Mwenye duka aandike kwamba hatapunja kipimo wala kuuza unga wenye ukungu. Hapo mnunuzi ataweza kumshika kwa neno lake.

Ruwaza ya Kenya ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilitaja idadi: uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka. Kasi hiyo haikufikiwa. Wako waibezao kwa sababu hiyo. Mimi naona hiyo ndiyo sifa yake, kwani isingalitaja idadi, nani angalijua kwamba tumepungukiwa?

Jamaa ya nyumba moja nayo yaweza kuandika. Na waketi wote, hata watoto, kwa maana dira iliyotungwa na baba peke yake ni amri. (Amri si mbaya, ila iitwe kwa jina lake.)

Nawe uandikapo yako, tumia kalamu ya risasi, sentensi moja yatosha. Kisha jiulize fedha na saa zako zilikwenda wapi juma lililopita. Ikiwa mambo hayo hayaafikiani na uliyoyaandika, geuza mwendo au geuza sentensi.