Gitaa la babu na tambara lililofuka moshi

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kompyuta. Sijaacha. Nilikuwa Junju kwa babu, karibu mwezi mzima, nikipaka gitaa mafuta. Msicheke. Nimejifunza mambo huko ambayo sisi tunaoandika programu tunayahitaji sana.

Kwa msiopajua, Junju iko Kilifi, ukiacha barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi na kuingia upande wa bara. Babu ni seremala. Maisha yake yote ametengeneza milango, vitanda na majeneza. Mwaka jana akaniambia anataka kutengeneza gitaa kabla mikono haijamkatalia. Ujanani alimpenda mno Fundi Konde (1924-2000), mwanamuziki wa huku kwetu Kilifi na mmoja wa watu wa mwanzo kupiga gitaa la umeme Kenya. Mikono yenyewe imeshaanza kutetemeka, kwa hivyo sote tulijua kwamba gitaa la pili halitakuwepo.

Uso ni wa saipresi, mbavu na mgongo ni mbambakofi, na ubao wa vidole ni kipande cha mpingo alichokuwa amekihifadhi miaka mingi. Kuranda, kukunja na kugundisha kulikuwa kwake. Kupaka mafuta akaniachia mimi. "Somo, wewe ndiwe msomi," akasema. (Mimi ni wajina wake, ndiyo maana ananiita somo.)

Basi msomi akakosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa mafuta ya nazi. Nyumbani yapo tele, nami nikadhani mafuta ni mafuta. Nikapaka, ubao ukang'aa vizuri ajabu. Siku tano baadaye ulikuwa bado unanata na vumbi la randa limeganda juu yake. Ndipo nikaketi kusoma. Kumbe mafuta yanayofaa mbao hayakauki kama maji yanavyokauka. Hayaendi hewani, yanachukua oksijeni kutoka hewani, molekuli zake zinashikana, na mwisho yanakuwa kitu kigumu. Mafuta ya kitani yana nafasi nyingi za kushikana hivyo. Ya nazi hayana, karibu zote zimeshajaa. Ungesubiri mwaka mzima yangebaki mafuta tu.

Ikabidi nipanguse kwa tapentaini, kisha msasa. Kila nilipopiga msasa nilikuwa naondoa ubao ambao babu aliuranda mpaka ukabaki milimita tatu. Yeye alikuwa amekaa mlangoni akitazama, hakusema kitu.

Nikaenda Mombasa nikanunua mafuta ya kitani "yaliyochemshwa". Jina hilo linadanganya kidogo. Kwa kawaida yametiwa chumvi za madini kama manganizi ili yagande kwa siku moja au mbili badala ya wiki nyingi. Safari hii nilifuata utaratibu, nanyi mnaweza kuufuata:

1. Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 240. Pangusa ubao kwa kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi za mbao zisimame, halafu piga msasa mwepesi tena.
2. Paka mafuta kidogo sana. Ngoja dakika 15, kisha futa yote yaliyobaki juu. Yote!
3. Ngoja mpaka yasinate kabisa kabla ya kupaka tena. Mara nne au tano zinatosha. Usoni paka chache zaidi, maana mafuta mengi huzima sauti.
4. Usipake ndani ya sanduku, wala mahali utakapogundisha daraja la nyuzi. Gundi haishiki kwenye mafuta.

Mpako wa kwanza ulikwenda vizuri. Nikakusanya matambara niliyofutia, nikayafinyanga pamoja, nikayatupa ndani ya boksi la maranda chini ya meza. Juu yangu paa la makuti. Nikaenda kula.

Babu ndiye aliyenusa moshi. Nilipofika mbio alikuwa ameshaliburuta boksi hadi uani kwa mikono yake hiyo inayotetemeka. Tulipolimwaga, tambara la katikati lilikuwa jeusi, na lilipopata hewa likawaka. Hakukuwa na kiberiti, sigara wala waya wa umeme karibu. Gitaa lilikuwa linaning'inia juu ya meza ileile.

Sababu ni ileile ya awali. Mafuta yanaposhikana na oksijeni hutoa joto. Kwenye gitaa yametandazwa membamba, joto linapotea hewani wala hulihisi. Kwenye tambara lililofinyangwa joto halina pa kutokea, linapanda, na kadiri linavyopanda ndivyo kazi inavyokwenda kasi. Kitu kinacholinda gitaa ndicho kilichotaka kulichoma. Mwaka 1991 huko Philadelphia, Marekani, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 liliungua kwa sababu ya matambara ya namna hiyo, na wazima moto watatu wakafariki.

Babu alilichukua lile kopo, akaligeuzageuza. "Somo, hapa pana maandishi. Mimi Kiingereza sikijui. Wewe hukuyasoma?"

Yalikuwepo, kwa herufi ndogo, chini kabisa. Kazini nimewalaumu watu wangapi kwa kutosoma maelezo! Nilikuwa nimesoma kurasa nzima kuhusu molekuli, na sentensi mbili za onyo nikaziruka.

Siku hizi matambara nayaanika uani, moja moja, mbali na nyumba, mpaka yakakamae. Mengine naloweka kwenye ndoo ya maji.

Gitaa lilipata mipako minne. Jumapili iliyopita babu alilitia nyuzi mwenyewe. Vidole havimtii tena, akapiga nyimbo nusu nusu, akanikabidhi. Mimi sijui kupiga. Itabidi nijifunze, na safari hii nitaanza kwa kusoma maelezo.

Haya, kazi njema. Na kama lipo kopo la mafuta ya kitani nyumbani kwenu, nendeni mkasome lilivyoandikwa.